Msasa Uliotangulia Macho

Kisa nitakachosimulia nimekitunga, kwa hiyo mtu asijitafute ndani yake. Makosa yaliyomo sikuyatunga. Yako kwenye gereji za Mwanjelwa, Uyole na Mbalizi kule Mbeya, yako pia Ipogolo na Mlandege kule Iringa, na kila yanaporudiwa tunapoteza kitu kisichouzwa dukani.

Kijana mmoja wa Iringa alikua akisikia habari za Land Rover ya baba yake. Baba alikuwa dereva, mtu wa maneno machache. Walichojua watoto ni kwamba majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, baba aliondoka na gari, na hakuonekana nyumbani hadi miezi kadhaa baada ya Kampala kuanguka, Aprili 11, 1979. Gari lilirudi naye. Baadaye likauzwa kwa mnada, likapotea machoni pa familia, na baba naye akafariki bila kusimulia mengi. Aliacha daftari la safari ambalo ukurasa wake wa kwanza ulikuwa na namba ya chasisi, imeandikwa kwa wino.

Kijana alipopata kazi ya maana alianza kulitafuta gari. Akalipata Mbalizi, nje kidogo ya jiji la Mbeya. Lilikuwa Land Rover 109 ya Series IIA, aina iliyotengenezwa kati ya mwaka 1961 na 1971, limepakwa bluu kali, na kwa miaka mingi lilikuwa likibeba viazi kutoka upande wa Kitulo kupitia Isyonje hadi mjini. Namba ya chasisi ilikubaliana na ile ya kwenye daftari. Mwenye gari, mzee muungwana, aliposikia habari za marehemu alipunguza bei bila kuombwa. Hadi hapo kila kitu kilikwenda vizuri. Tatizo ni kwamba kijana alikuwa ameshaamua gari lile lilikuwa la rangi gani kabla hajalitazama.

"Fundi, nataka rangi ya jeshi," alisema alipolifikisha gereji.

"Hakuna shida, bosi. Tunatoa hii yote, tunapiga praima, Jumamosi unaondoka."

Vijana watatu wakapewa msasa namba 80 na brashi za waya. Chini ya bluu kikatokea kijani chenye mistari ya brashi ya mkono, kimeshika chembe za mchanga. Chini ya kijani kikatokea kijivu, laini, cha kiwandani. Mchana, kwenye mlango wa dereva, mmoja wao akaona kingo za herufi zikijitokeza ndani ya kijivu. Akaita, "Bosi, hapa kulikuwa na maandishi!" Bosi alikuwa kwenye simu akipanga habari za matairi. Akapunga mkono: endeleeni. Jioni gari lilikuwa jeupe la alumini kutoka boneti hadi mlango wa nyuma, na vumbi la miaka hamsini lilikuwa limelala kwenye sakafu ya gereji.

Vumbi hilo lenyewe linahitaji maneno mawili, kwa sababu linagusa afya za watu. Rangi za magari za zamani, hasa za kijani na njano, mara nyingi zilitengenezwa kwa pigimenti zenye madini ya risasi. Ukizipiga msasa mkavu, madini yale yanapanda hewani pamoja na vumbi, yanaingia kifuani, yanashika nguo, na fundi anayapeleka nyumbani kwa watoto wake. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini ya risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoumia zaidi. Leso puani haizuii kitu. Rangi ya zamani hupigwa msasa wa maji, kwa barakoa ya kweli yenye chujio, na matope yake hukusanywa badala ya kumwagwa mtaroni. Nimeona gereji nyingi ambazo watoto wa jirani wanacheza mle mle, na jambo hili linaniuma kuliko rangi yoyote iliyokosewa.

Turudi kwenye rangi. Kijana alimwonyesha fundi picha kwenye simu: Land Rover ya jeshi la Uingereza, imetengenezwa upya na mpenzi mmoja wa magari huko huko Uingereza, kijani kilichopauka, kisichong'aa, kimependeza kweli. "Hii hapa," akasema. Fundi akaitazama ile simu chini ya taa ya tyubu, akaenda dukani, akarudi na makopo.

Sasa mtu akisema rangi ya jeshi, anasema ipi? Kwa miaka ya 1950 na 1960 jeshi la Uingereza lilipaka magari yake kijani kizito kinachong'aa kabisa, kilichopewa namba 224 katika orodha ya rangi ya Waingereza inayoitwa BS 381C. Kijani kisichong'aa, namba 285, ambacho watu wengi leo wanakifikiria wakisikia neno jeshi, kilishika nafasi baadaye. Toleo lake moja lilitengenezwa ili liakisi miale ya infraredi kama yanavyoakisi majani mabichi, adui mwenye vifaa vya kuonea usiku asilipambanue gari na kichaka. Ujerumani Magharibi ilikuwa na kijani chake chenye unjano ndani, RAL 6014. Wamarekani walipata rangi yao ya zeituni kwa kuchanganya pigimenti ya njano ya udongo na nyeusi, jambo linalomshangaza kila anayejaribu kuipata kwa kuanzia na kijani.

Hata ndani ya jeshi moja rangi haikuwa moja. Februari 1943 Ujerumani iliamuru magari yake yapakwe njano iliyofifia, na vikosi vikapelekewa rangi ikiwa nzito kama uji mgumu, ili askari wenyewe waiyeyushe. Wengine waliyeyusha kwa petroli, wengine kwa maji, na magari ya kikosi kimoja yakatoka vivuli tofauti. Jeshi letu la Wananchi (JWTZ), lililoundwa Septemba 1964, lilipokea vifaa kutoka nchi mbalimbali, China ikiwa mbele, na kila shehena ilikuja na rangi ya kiwanda chake. Anayetafuta rangi moja ya jeshi anatafuta kitu ambacho hakijawahi kuwepo.

Tena kijani si ushahidi wa jeshi. Land Rover za kwanza kabisa, za mwaka 1948, zilitoka kiwandani zikiwa za kijani, nazo zilitengenezwa kwa ajili ya wakulima. Kiwanda kiliendelea kuwauzia raia magari ya kijani, ya kijivu, ya bluu na ya rangi ya mchanga. Mmisionari, bwana shamba na mwalimu mkuu wote waliweza kuwa na Land Rover ya kijani bila kushika bunduki hata siku moja.

Picha ya simu nayo inadanganya kwa njia zake. Kamera inarekebisha mwanga yenyewe, kioo cha simu kina mwangaza wake, na gari la pichani lilipakwa juzi na mtu aliyefanya uamuzi wake, mzuri au mbaya. Fundi wa kijana alilinganisha picha hiyo na makopo ya dukani chini ya taa ya tyubu. Pigimenti mbili tofauti zinaweza kufanana kabisa chini ya taa ya tyubu, zikaachana ukizitoa juani. Kila fundi mzoefu wa Mwanjelwa analijua hili kwa macho, hata kama hakusoma fizikia yake: rangi hulinganishwa nje, juani, kisha kivulini, asubuhi na tena alasiri, na isiyokubaliana katika hali zote hizo haijakubaliana.

Wakapuliza mwezi Juni. Anayeijua Mbeya amekwisha kuona hatari. Jiji liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Alfajiri bati la gari linakuwa baridi kuliko hewa, na unyevu unatua juu yake hata pasipo mvua. Thina inaporuka haraka inazidi kulipoza bati, maji ya hewani yanaingia ndani ya rangi mbichi, na rangi inakauka ikiwa na ukungu mweupe. Kanuni ya wapakaji wa chuma duniani kote ni kwamba bati liwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande hutua. Kwa lugha ya gereji: subiri jua lipande, shika bati kwa kiganja, likiwa bado la baridi acha kompresa ipumzike. Vijana wale walianza saa moja asubuhi ili Jumamosi iwahi. Ubavu wa kushoto ukatoka na ukungu. Wakaufunika kwa mkono mwingine wa rangi, na mkono ule ukaufungia unyevu ndani.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa chini ya rangi, pasipoonekana. Bodi ya Land Rover ya zamani kwa sehemu kubwa ni alumini, aina inayoitwa Birmabright, yenye magneziamu ndani yake. Kiwanda kilichagua alumini kwa sababu baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza. Chasisi, ukuta unaotenga injini na abiria, na vipande vya pembeni ni chuma. Madini haya mawili hayataki praima moja. Alumini huvaa ngozi nyembamba ya oksaidi mara tu inapokutana na hewa, na praima ya kawaida ya chuma inaikalia ngozi hiyo bila kuishika. Inatakiwa praima yenye asidi, inayoing'ata alumini, mkono mwembamba tu, kisha praima ya kawaida juu yake. Kupambanua ni kazi ya sumaku ndogo ya mfukoni: panaponata ni chuma, pasiponata ni alumini. Vijana hawakuwa na sumaku. Na zile brashi za waya zilikuwa zimeacha chembe za chuma ndani ya mikwaruzo ya alumini, chembe ambazo zitaanza kutafuna taratibu kila unyevu ukiingia.

Jumamosi ikafika. Gari lilisimama nje ya gereji, kijani, limetulia, na mtu aliyelitazama kwa mbali angesema limependeza. Mchoraji wa mabango aliyekuwa jirani akaongeza namba nyeupe ubavuni na alama inayofanana na ya jeshi mlangoni. Kijana akalipia, akashika barabara ya TANZAM kuelekea nyumbani, zaidi ya kilomita 300.

Barabara hiyo imeyaona magari ya vita kabla yake. Mwaka 1940 misafara ya jeshi la Afrika Kusini iliipita njia ya nyanda hizi ikitoka Broken Hill, ambayo leo ni Kabwe, kwenda Nairobi. Lakini gari la kijana halikumaliza safari kwa heshima ile. Upepo wa Makambako ulipoanza kuligonga, kipande cha rangi upana wa kiganja kikanyanyuka kwenye kona ya boneti, kikapepea, kikaruka. Cha pili kikafuata. Alipofika kwenye kituo cha ukaguzi wa barabarani, boneti lilikuwa na mabaka ya alumini, na askari wa usalama barabarani alikuwa ameshika kadi ya gari inayosema bluu.

Rangi ni moja ya taarifa zilizomo kwenye kadi. Ukiibadili, mamlaka ya usajili, yaani TRA, inatakiwa kujulishwa ili kadi na gari visomane. Hilo ni jambo la karatasi, linarekebishika. Ile alama ya mlangoni ilikuwa jambo jingine. Agosti 2023 JWTZ iliwapa siku saba raia wote wenye mavazi yanayofanana na sare za jeshi wayasalimishe, kwa sababu kulikuwa na watu waliokuwa wakiyatumia kufanya uhalifu. Tangazo lile lilihusu nguo, na kijani kitupu kwenye Land Rover ya raia ni rangi ya kawaida. Lakini gari lenye namba na alama za kuigiza jeshi linawafanya watu waamini kwamba anayeliendesha ni askari, na hakuna askari wa barabarani mwenye akili timamu atakayeliacha lipite bila maswali. Kijana aliulizwa kwa upole, akaeleza habari za baba yake, akaamriwa afute alama hapo hapo na akashughulikie kadi. Alifuta kwa thina na kitambaa. Rangi iliyokuwa chini ya alama ikatoka nayo yote.

Ushauri wangu kwa anayetaka kutunza gari la jeshi la zamani ni kwamba aache alama, namba na mabaka ya kujificha hadi awaulize wenyewe jeshini na apate jibu la maandishi. Heshima kwa waliopigana haihitaji kuazima cheo chao.

Alipofika Iringa alimtafuta fundi mwingine. Akaelekezwa kwa mzee mmoja wa Ipogolo, fundi bodi wa miaka mingi, ambaye hakuwa na kompyuta ya kuchanganyia rangi wala bango nje.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kamwene." Mzee alilizunguka gari bila kusema kitu, akabandika sumaku hapa na pale, akakwangua kwa ukucha. "Nani alikuambia gari hili lilikuwa la jeshi?"

"Baba alikwenda nalo vitani, mzee."

"Vitani walikwenda wengi, na magari ya kila namna. Serikali ilichukua malori ya mashirika, mabasi, magari ya watu binafsi. Kwenda vitani ni jambo moja, kuwa la jeshi ni jingine. Waliolipiga msasa waliona nini?"

Kijana akakumbuka zile herufi. Akaeleza. Mzee alinyamaza kwa muda, akaomba bisibisi.

Alichokifanya mzee baada ya hapo ndicho kilichotakiwa kufanyika Mbeya kabla msasa haujanunuliwa. Alifungua dashibodi, akatazama bati lililokuwa nyuma ya saa za gari. Akanyanyua mito ya viti, akatazama sanduku la chini. Akafungua bawaba ya mlango wa nyuma na kipande kinachoshikilia tairi la spea. Sehemu hizo hazipigwi na jua, na mafundi wa haraka huwa hawafiki. Jua la nyanda za juu ni kali kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu baridi inawadanganya. Miale inayotafuna rangi huongezeka kadiri unavyopanda. Kijani kilichokaa juani miaka kumi mara nyingi kinapoteza unjano wake kwanza, kinaelekea bluu, na juu kinatoa unga mweupe ukikigusa. Ndiyo maana mtu hachukui sampuli kwenye boneti. Anachukua mahali palipofichwa, anapasugua kwa kitambaa chenye maji hadi uchafu utoke, kisha ndipo anapoamini macho yake. Na hata hapo anachukua sehemu mbili au tatu, maana wakati mwingine kiwanda kilipaka ndani rangi tofauti na nje.

Nyuma ya dashibodi kulikuwa na kijivu, kimetulia kana kwamba kimetoka kiwandani jana. Kwenye sanduku la kiti kulikuwa na kijivu pia. Chini ya bawaba, mahali padogo kuliko kidole gumba, mzee akapata rangi zote tatu. Akachukua msasa namba 400 uliolowa maji, akasugua kwa mviringo, polepole, hadi tabaka zikafunguka moja ndani ya nyingine: bluu nje, kijani kati, kijivu ndani, na praima. Mafundi wanaotengeneza magari ya kumbukumbu hufungua kidirisha cha namna hiyo sehemu kadhaa za gari, wanakipiga picha kando ya rula, wanaandika tarehe na mahali. Kwenye paneli pana wanazima taa na kumulika tochi kutoka ubavuni, mwanga ukilala juu ya bati. Herufi zilizopakwa juu na kufunikwa mara tatu bado zina kingo, na kwa mwanga wa namna hiyo zinasomeka.

"Herufi za mlangoni zingekuambia lilikuwa la shirika gani," mzee alisema. "Sasa hatutajua."

Jioni kijana alikwenda Kihesa kwa mama yake.

"Mama, gari la baba lilikuwa na rangi gani?"

"La kijivu. La kazini kwake. Lilikuwa likipanda huku tunaliona tangu bondeni."

"Na kijani?"

"Kijani walikipaka wenyewe huko mbele, kwa brashi. Baba yenu hakupenda. Alisema walipaka haraka hadi wakagusa vioo."

"Mbona hukutuambia?"

"Mlikuja na simu, mkanionyesha gari la Wazungu, mkasema, mama, tazama gari la baba. Mlikuwa mnafurahi. Hamkuniuliza."

Nimelirefusha jambo hili kwa makusudi. Gari lile lilibeba historia ambayo vitabu havina nafasi nayo: vita vya Kagera vilipiganwa pia na madereva raia, waliopelekwa na magari ya kazini, wakarudi na kuendelea na kazi. Kijani kile kibaya chenye mchanga kilikuwa saini ya siku fulani na mahali fulani. Mchanga ulioshikwa na rangi ungeweza kuonyesha kama ni udongo mwekundu wa Kagera au la. Mistari ya brashi ingeonyesha kama walipaka gari zima au pande zake tu, kama paa liliachwa kijivu, kama namba zilifunikwa. Yote hayo yalikuwepo hadi asubuhi ya siku ile. Saa nane za msasa ziliyamaliza, na kazi yote ya mzee wa Ipogolo haikuweza kurudisha zaidi ya upana wa kidole gumba.

Kijana alitaka wapake kijani kile kile cha chini ya bawaba. Mzee alikataa, na naona alikuwa na haki. Kipande kidogo namna ile kinatoa rangi lakini hakitoi mpangilio, na kupaka gari zima kijani kwa kukisia kungekuwa kosa la Mbeya kurudiwa kwa adabu zaidi. Kijivu kilikuwa na ushahidi sehemu tatu, pamoja na mama. Wakakubaliana kijivu.

Walikipata kwa namna hii. Mzee aliichomoa ile sahani ya nyuma ya dashibodi nzima, akaipeleka mwenyewe kwenye duka la kuchanganya rangi badala ya picha. Kompyuta ya dukani ilitoa fomula ya kwanza, ikakosea kidogo kuelekea bluu. Hakurekebisha kopo zima. Alichanganya vijiko, akapuliza kwenye kipande cha alumini chenye praima ile ile atakayoitumia kwenye gari, mikono miwili, akaacha kikauke usiku kucha. Rangi mbichi haiamuliwi, maana hubadilika inapokauka. Asubuhi akaviweka vipande viwili kando kwa kando juani, kisha chini ya mwembe, kisha akavimwagia maji vyote viwili, kwa sababu maji yanaondoa tofauti ya mng'ao na kuacha rangi peke yake. Tofauti ya mng'ao huwahadaa watu wengi: rangi isiyong'aa huonekana nyepesi kuliko ile ile ikiwa inang'aa, na fundi huongeza weusi pasipohitajika. Jaribio la tatu lilikubaliana. Akapima uzito wa kila pigimenti kwenye mzani, akaandika nyuma ya kipande cha alumini, akampa kijana akitunze pamoja na kadi.

Kisha akanunua rangi ya gari zima kwa siku moja, akayamimina makopo yote kwenye ndoo moja na kuyachanganya, ili ubavu wa kulia usije ukatofautiana na wa kushoto. Akaweka akiba ya nusu lita kwa ajili ya marekebisho. Kwa kuwa rangi hiyo ilikuwa ya kuchanganywa na hadna, alivaa barakoa ya kemikali na kuwafukuza vijana wote kutoka kwenye kibanda. Hadna za rangi nyingi za magari zina isosianeti, kemikali inayoweza kumpa fundi pumu ya maisha. Alianza saa tano asubuhi, jua likiwa limelipasha bati.

Kazi yote, pamoja na kuondoa kijani cha Mbeya, ilimgharimu kijana zaidi ya mara mbili ya malipo ya kwanza. Kadi ilibadilishwa ikasoma kijivu. Chini ya bawaba ya mlango wa nyuma mzee hakupaka kitu. Alifunika kile kidirisha kwa vanishi isiyo na rangi.

Magari ya namna hii bado yapo. Yanapanda Umalila, yanashuka Ludewa, yanaleta mbao kutoka Kilolo na viazi kutoka Makete, na mengine yamelala nyuma ya nyumba yakiwa na kuku ndani. Madereva waliokuwa na miaka 25 wakati wa vita vya Kagera leo wamepita 70, na wake zao, waliokuwa wakiyatazama magari yakiondoka, ni wa umri huo huo. Msomaji, kama nyumbani kwenu kuna gari la namna hiyo, fungua dashibodi kabla hujamwita fundi, piga picha unachokiona, kisha nenda ukawaulize wazee lilikuwa la nani na lilikuwa na rangi gani. Nenda wiki hii.